Fimbo Iliyokatazwa, Barua Isiyoandikwa

Saa moja kasorobo asubuhi, kivukoni Likoni, Mombasa. Feri moja imeharibika na iliyobaki imekawia upande wa pili. Mtoto wa kidato cha pili anayesoma kisiwani anashuka mbio, shati nje, mkoba umening'inia bega moja. Anapofika getini kengele ishalia. Mwalimu wa zamu amesimama hapo na kitawi cha mwarobaini alichokichuma uani, majani kayapukuta kwa mkupuo mmoja wa kiganja. Waliochelewa ni tisa. Hakuna anayeulizwa chochote. "Nyoosha mkono." Viwili, viwili, kisha darasani. Kwa kila mtoto, shughuli yote haikufika nusu dakika.

Nusu dakika hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu imejaa makosa mengi kuliko yale mawili yanayouma kiganjani.

Kwenye mikutano ya wazazi, iwe Mtongwe, Magogoni au Chaani, kauli huwa ni mbili tu. Mzazi mmoja atasimama aseme serikali imewafunga walimu mikono, ndiyo maana watoto wameharibika. Mwingine atasema mwanawe akiguswa hata kwa ukucha, yeye na mwalimu watakutana kortini. Wote wawili wanaamini sheria ina neno moja tu: usipige. Lakini inasema mengi zaidi, na sehemu ambayo hakuna anayeigusa mikutanoni ndiyo iliyo ndefu.

Tuanze nyuma kidogo. Kiboko kilikuwa halali Kenya chini ya kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972, zilizotungwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu. Tumchukue yule mtoto wa feri tumpeleke mwaka 1985, wakati ambapo wengi wetu tunaamini mwalimu alikuwa na ruhusa ya kuchapa atakavyo. Kanuni zile zilimruhusu mwalimu mkuu peke yake kuchapa. Mwalimu wa zamu hakuwamo. Ilipasa kwanza ufanyike uchunguzi kamili wa kosa, na kuchelewa kwa sababu feri imeharibika kusingevuka hatua hiyo. Ilipasa awepo shahidi, lakini wanafunzi wenzake wasiwepo. Fimbo au mkanda ulikuwa na kipimo chake. Mvulana alichapwa makalioni, msichana kiganjani, na viboko havikutakiwa kuzidi sita. Kisha kila kitu kiandikwe kwenye kumbukumbu: nani, kosa gani, vingapi.

Basi waliosoma zama hizo wajiulize: nani kati yao aliwahi kuiona kumbukumbu hiyo? Mimi sijapata kukutana na mtu aliyeiona. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza shule za Kenya na kutoa ripoti mwaka 1999, lilikuta walimu wa kawaida wakichapa darasani mbele ya watoto wote, kwa kuchelewa, kwa kukosea jibu, kwa sare iliyoraruka. Wengine walitoka na vidonda na michubuko. Kitawi cha mwarobaini getini kilikuwa haramu hata siku ambazo bakora ilikuwa halali.

Ndiyo maana nawatazama kwa jicho la pembeni wanaodai kiboko "kirudishwe". Mwaka 2021, baada ya mabweni kuteketezwa sehemu mbalimbali za nchi, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba angependa kirudi. Wengi walimpigia makofi. Lakini kile cha kanuni, chenye uchunguzi na shahidi na kumbukumbu, hatukuwahi kuwa nacho. Tulichokuwa nacho ni hasira ya mtu mzima saa moja asubuhi, na hiyo haijawahi kuondoka.

Kiboko kilifutwa mwaka 2001, Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu, kwa tangazo rasmi lililoviondoa vipengele vya kuchapa kwenye kanuni za 1972. Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto tangu 1990, kwa hiyo tulichukua miaka kumi na moja kufika hapo. Mwaka huo huo wa 2001 ikapitishwa Sheria ya Watoto, ingawa ilimwachia mzazi na mlezi mwanya wa kutoa "adhabu ya kiasi". Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 29 kinasema hakuna mtu atakayepewa adhabu ya viboko, wala kutendewa au kuadhibiwa kikatili, kinyama au kwa kudhalilishwa. Kifungu cha 53 kinamkinga mtoto dhidi ya aina zote za ukatili. Tangu siku hiyo, waziri hawezi kukirudisha kiboko kwa waraka, hata akitaka vipi. Itabidi abadilishe Katiba.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ndiyo inayomhusu mwalimu moja kwa moja. Kifungu chake cha 36 kinakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, ya mwili au ya akili. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Mtoto akiumia hasa, polisi wanaweza kuiacha sheria ya elimu na kushika Kanuni ya Adhabu, ambamo shambulio la kujeruhi mwili lina kifungo cha hadi miaka mitano. Juu ya hayo yote ipo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inayoweza kumsimamisha mwalimu kazi akichunguzwa, na kosa likithibitika, kulifuta jina lake kwenye rejista. Shule za kibinafsi, ambazo Kisauni na Changamwe zimejaa kila kichochoro, zisidhani haziguswi. Mwalimu wa shule ya kibinafsi naye anatakiwa awe amesajiliwa na TSC, na Katiba haiulizi nani analipa mshahara.

Neno "akili" katika kifungu cha 36 watu hulipita haraka. Shule nyingi zilipoacha fimbo zilihamia kwenye vitu ambavyo havina jina la kuchapa: kupigishwa magoti kwenye kokoto jua la utosi, kurushwa kichura kuzunguka uwanja, kunyimwa chakula cha mchana, kuitwa punda mbele ya darasa. Hivyo vyote vimo humo humo. Mwalimu anayejisifu kwamba hajamgusa mtoto, ila amempigisha magoti tangu gwaride hadi saa nne, hajaikwepa sheria. Ameibadilishia fimbo umbo.

Na kazi za mikono je? Hapa pana ubishi wa haki. Kufagia uwanja, kuokota takataka, kumwagilia miti ni kazi ambazo watoto wote hufanya kwa zamu, na sioni kosa mtoto kuongezewa zamu moja. Huanza kuharibika pale kazi inapomtoa darasani, inapomzidi umri, au inapokusudiwa kumwaibisha. Kuosha choo kwa mikono mitupu huku wenzake wakichungulia na kucheka, hiyo ni kudhalilisha. Kiranja naye hana mamlaka ya kumwadhibu mtu. Shule ikimwachia kijana wa miaka kumi na saba awaadhibu wenzake wa miaka kumi na minne, lawama ni ya shule.

Mtu wa pwani hachanganyi d na dh. Adabu ni kitu kimoja, adhabu kitu kingine, na Likoni tuna wadi nzima iitwayo Shika Adabu. Sheria ya elimu yenyewe imelalia neno la tatu, nidhamu, ambalo asili yake ni mpangilio wa mambo. Na mpangilio huo ndio sehemu ndefu niliyoitaja.

Mtoto amepigana, amekutwa na bangi, amemtukana mwalimu. Sheria haisemi anyamaziwe. Mwalimu mkuu anaweza kumwita, kumwonya kwa maandishi, kumpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kumwita mzazi, na kosa likiwa zito, kumsimamisha masomo kwa muda. Lakini kumsimamisha ni uamuzi unaoingia chini ya kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki ya 2015. Mtoto na mzazi waambiwe kosa ni lipi, wapewe nafasi ya kujieleza, kisha wapewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Bodi ya usimamizi ya shule ijulishwe. Kumfukuza kabisa si kazi ya mwalimu mkuu. Kifungu cha 35 cha sheria ya 2013 kinazuia mwanafunzi kufukuzwa, isipokuwa kwa kanuni maalumu, njia nyingine zote zikiwa zimeshindikana, na baada ya yeye na mzazi kusikilizwa. Hata hivyo lazima apelekwe kwenye taasisi ya kumrekebisha huku akiendelea kusoma. Asiyeridhika ana rufaa, kwa kuwa sheria hiyo hiyo imeunda jopo la rufaa za elimu.

Sasa linganisha na yanayotendeka. Mama mmoja wa Mtopanga, Kisauni, alikuja kwangu na malalamiko: mwanawe alikaa nyumbani wiki tatu. Nikamwomba barua ya shule. Hakuwa nayo. Kijana aliambiwa mlangoni, "Nenda, urudi na babako." Baba ni baharia, yuko melini. Mama alikwenda shuleni mara mbili, akaambiwa mwalimu mkuu yuko mkutanoni. Hakuna karatasi, hakuna tarehe ya kurudi, hakuna kosa lililotajwa. Kwenye vitabu vya shule hajasimamishwa kabisa. Anaonekana mtoro.

Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko viboko viwili vya getini. Kiboko kinamrudisha mtoto darasani akiwa na uchungu. "Nenda kamlete mzazi" inamtoa nje saa nne asubuhi akiwa hana pa kwenda. Kisauni tunajua nje kuna nini. Makundi ya vijana wa mapanga, kama lile lililojiita Wakali Kwanza, yaliwachukua watoto wa umri wa shule, na kijana aliyekaa maskani siku nzima bila kazi wala kitabu ni rahisi kuchukuliwa. Na asidhani mwalimu kwamba kuna shule ya kurekebisha tabia inayomsubiri. Ya Likoni ipo, ila mtoto huingia kwa amri ya mahakama, si kwa kidole cha mwalimu mkuu.

Kuhusu madrasa, wazazi wengi wa kwetu bado humkabidhi mwalimu mtoto kwa kauli ya zamani: nyama yako, mifupa yangu. Ni kauli ya imani, naielewa, nami nilipelekwa chuoni nayo. Lakini Haki za Binadamu katika Katiba zinamfunga kila mtu, na marufuku ya adhabu ya kikatili ni miongoni mwa haki chache ambazo kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ustadhi hana msamaha wake.

Ukifuata barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ukavuka mpaka, sheria inabadilika. Tanzania bara kiboko bado ni halali: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na viandikwe. Mpango mzuri wa maandishi, kama wetu wa 1972. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kifo. Vile vinne vya kwenye kanuni havikumlinda mtoto yule, wala havikumlinda mwalimu.

Walimu wana haki ya kunijibu, na najua watasema nini: darasa lina watoto sitini na zaidi, mwalimu wa ushauri nasaha naye ana vipindi vyake vyote vya hesabu, mzazi akiitwa haji. Ni kweli. Jopo la Naomi Wangai lililochunguza ghasia shuleni lilipendekeza mwaka 2001 ushauri nasaha uimarishwe, na mpaka leo katika shule nyingi kazi hiyo ni nyongeza anayobebeshwa mtu aliyekwisha lemewa. Serikali iliondoa fimbo bila kuweka mtu mahali pake. Hilo ni deni la Wizara, na walimu wana kila sababu ya kulidai. Ila halilipwi kwenye kiganja cha mtoto aliyecheleweshwa na feri.

Mzazi, mwanao akiumizwa, mpeleke kwanza hospitali ya serikali, piga ripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, kisha ukamwone afisa wa watoto na ofisi ya TSC ya kaunti. Usiende shuleni kupigana na mwalimu, maana hapo kesi itageuka yako. Akirudishwa nyumbani bila karatasi, mrudishe mwenyewe kesho yake asubuhi, uombe barua yenye kosa, tarehe na sahihi. Wakikataa kuiandika, mtoto hajasimamishwa, na nafasi yake darasani iko pale pale. Ukikwama usiku au mchana, namba ya simu ya watoto ni 116, na haikati hata senti.