2,147,483,647: tasa, tena ukomo

Andika mbili 31, zizidishe zote kwa pamoja, kisha toa 1. Utapata 2,147,483,647. Namba hii ni tasa: ukiacha 1 na yenyewe, hakuna namba nzima inayoigawa bila kubakiza.

Aliyelithibitisha hilo ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, huko Saint Petersburg, wakati macho yake yalikuwa karibu yamekufa kabisa. Njia ya kawaida ingemtaka ajaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, yaani 46,340 na ushei, na humo zimo zaidi ya elfu nne. Hakujichosha hivyo. Kipeo, yaani idadi ya mbili zinazozidishwa, kikiwa tasa, kama 31, basi kila kigawo tasa cha namba ya aina hii, ukikigawanya kwa kipeo kilichozidishwa kwa 2, lazima kibakize 1. Tujaribu kwa ndogo: mbili 11, toa 1, ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 22, baki 1. Gawanya 89 kwa 22, inaingia mara nne, baki 1. Kwa 31, basi, unaruka 62-62: 63, 125, 187 na kuendelea. Kanuni ya pili inataka kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7, na hiyo inafyeka nusu nyingine. Zilizobaki hazifiki 400. Hakuna hata moja iliyoigawa.

Tasa hii, hata hivyo, huzaa. Izidishe kwa mbili 30 na utapata namba timilifu, ambayo vigawo vyake, ukiiondoa yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayepata timilifu kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa ni za kustaajabiwa tu, hazina faida. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha tasa yenye tarakimu 39, na timilifu yake ikaja nayo.

Leo wanaoitaja zaidi namba hii ni watu wa kompyuta, nao utasa wake hauwahusu. Kompyuta huandika kwa 0 na 1. Ukiipa nafasi 32, moja ikashika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zijaze 1 zote na umefika 2,147,483,647. Ongeza 1, zote zinageuka 0 na ile moja inaangukia kwenye nafasi ya alama. Chanya kubwa kuliko zote inakuwa hasi ya mwisho kabisa.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu saa hivyo, sekunde kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Kwa saa za Afrika Mashariki, nafasi zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma Desemba 1901.

Dawa yake ni nafasi 64, ambazo ukomo wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo si tasa. Igawanye kwa 7, haibakizi kitu.