Neema Si Ujira

Ukishuka mlima kutoka Iringa mjini unafika Ipogolo, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya hadi mpakani Tunduma. Malori husimama hapo, na akina mama wenye nyanya na vitunguu huwakimbilia wasafiri. Kila kitu kina bei. Anayelipa hupewa, asiyelipa hutazama tu.

Mama mmoja wa huko, ambaye hatutamtaja jina, ana mtoto kiziwi. Majirani walimwambia amevuna alichopanda, naye akaamini. Akafunga mara kwa mara, akatoa sadaka hata fedha ya unga, akitumaini deni litakwisha na mtoto atasikia. Mtoto hakusikia. Mama akaacha kwenda ibadani. Alituuliza, "Nimebakiza kulipa nini?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Wengi wetu humwendea Mungu kama tuendavyo sokoni.

Je, neema ni nini?

Neema ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili, unaotolewa bure kwa ajili ya Yesu Kristo. Mtume Paulo anawafundisha Waefeso (2:8-9) kwamba wokovu ni zawadi, wala hautokani na matendo, mtu asije akajisifu. Ujira hudaiwa, zawadi hupokelewa.

Bwana Yesu alitoa mfano wa vibarua (Mathayo 20:1-16). Wengine walianza alfajiri, wengine waliitwa saa kumi na moja jioni. Wote walipewa dinari moja. Wa alfajiri walinung'unika, ingawa hawakupunjwa. Sisi tuliowahi kulima kibarua tunawaelewa! Lakini tujiulize: ni nani kati yetu aliyeanza alfajiri? Mbele za Mungu sote ni wa saa kumi na moja.

Mtoto si adhabu

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohana 9:1-3). Yesu alikataa yote mawili. Alisema kazi za Mungu zitaonekana ndani ya mtu huyo.

Kazi hizo tumeziona Iringa mjini. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha karakana ya watu wenye ulemavu, iitwayo Neema Crafts. Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alianza na vijana watatu viziwi, wakatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye kazi ilipanuka, ukawapo ufumaji, ushonaji na mgahawa wenye wahudumu viziwi. Kinyesi kilichodharauliwa kikawa karatasi nzuri, na vijana waliodhaniwa hawafai wakapata ufundi na mshahara. Mshahara wao wameufanyia kazi. Thamani yao hawakuifanyia kazi. Mungu aliwapa tangu tumboni.

Nyumbani mwetu

Wengine huogopa kwamba neema italeta uvivu. Paulo anaendelea katika mstari wa 10 kwamba tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Mtoto anayependwa hufagia uwanja kwa kuwa hapo ni kwao, si ili apewe nafasi ya kulala. Basi, akina mama, mtoto anapokosa tumwonye, lakini tusimwambie kamwe kwamba Mungu hampendi.

Yule mama tulimjibu, "Hujabakiza kitu. Yesu amemaliza." Hatukumwahidi kwamba mtoto atasikia. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza ni wapi mtoto angeweza kufundishwa lugha ya alama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiulizia maisha ya mtoto wake badala ya deni.

Msomaji, Jumapili ijayo huenda mama kama huyo ataingia kanisani kwako, amemshika mtoto mkono. Je, utasogea kwenye benchi apate kukaa, au utamkumbusha bei?