Rangi Ikibambuka, Usikimbilie Kupaka Nyingine

Msomaji, huenda uliipaka sebule yako rangi kabla ya sikukuu ikapendeza macho. Mvua za mwaka zilipokwisha ukaikuta imefanya malengelenge na kubambuka vipande vipande. Je, ufanyeje? Wengi hukimbilia dukani kununua debe jingine. Hizo ni pesa za kutupa, kwa sababu mara nyingi adui si rangi bali ni maji yaliyomo ukutani.

Ukitoka Mombasa ukapanda hadi Rabai, utafika mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka 1846. Kanisa lililojengwa mwaka 1887 lingali limesimama, na tangu 1994 pana makumbusho. Mahali kama hapo humkumbusha mtu kwamba ukuta unaotunzwa huishi kuliko aliyeujenga.

Kuta nyingi za kale za pwani yetu zilipigwa lipu ya chokaa. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na saruji ikawa karibu na kila fundi. Kuna walioziba chokaa ya kale kwa saruji, kisha wakapaka rangi ya mafuta juu yake. Unyevu hapo hukosa pa kutokea, nao huisukuma rangi mpaka ibambuke. Ikiwa nyumba yako ni ya chokaa, itengeneze kwa chokaa.

Kwanza, tafuta maji yanakotoka. Tazama bati linalovuja, bomba, na udongo uliorundikwa nje ya ukuta. Kisha gundisha kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, ni hewa ya chumba: fungua madirisha. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi. Huenda fundi alitumia mchanga wa baharini usiooshwa. Ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji itarudi ndani ya ukuta.

Pili, kwangua. Hapa ndugu msomaji ujihadhari sana. Rangi za zamani, hasa za mafuta, zaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Watoto na mama mjamzito wasiwemo chumbani. Usipige msasa mkavu wala usiichome rangi kwa moto. Lowesha, kwangua, vaa barakoa, kisha kusanya vipande vyote na upanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji.

Tatu, gonga ukuta kwa kidole. Lipu inayolia kama debe tupu imeachana na jiwe, itoe yote. Piga mpya na uipe muda. Lipu ya saruji yataka wiki nne hivi ikauke ndipo ipakwe rangi.

Nne, paka. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ndiyo mizuri, kwa kuwa kuta zimekauka. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji uwe mwepesi, uliozimuliwa kwa maji ili ushike. Ukikauka, paka mikono miwili mizito. Unaponunua, soma kopo uhakikishe kwamba rangi haina risasi.

Kazi hii familia yaweza kuifanya yenyewe chumba kimoja kimoja, na kijana wa sekondari akajifunza ufundi wa kumfaa maishani. Lakini ufa ukiwa mpana kiasi cha kuingia kidole, mwite fundi mwashi, kwani huenda msingi umetitia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza leo kwa kukagua bati.