Mshipa Mkubwa Umezibuliwa, Mbona Moyo Bado Una Kiu?

Liko jambo linalowatatiza wagonjwa wa moyo na jamaa zao. Mtu amepata mshtuko wa moyo, ukoo umechangishana, amepelekwa Dar es Salaam, mshipa ulioziba umezibuliwa na amerudi Tanga. Baada ya muda miguu inavimba, akitembea kidogo anahema, usiku hawezi kulala chali. Hapo majirani huanza kunong'ona kuwa amerogwa, au kwamba fedha zimeliwa bure. Mara nyingi si moja wala jingine. Mwezi huu tutazame sababu mojawapo, nayo ni mishipa midogo ya moyo.

Moyo hupeleka damu mwili mzima, lakini nao sharti ulishwe. Hulishwa na mishipa mikubwa inayopita juu yake, ambayo hata hivyo ni myembamba kuliko mrija wa soda. Mishipa hiyo hugawanyika mara nyingi mpaka kuwa midogo kuliko unywele, na hiyo midogo ndiyo inayofikisha damu kwenye nyama ya moyo. Mshtuko wa moyo hutokea pale donge la damu linapoziba mshipa mkubwa.

Wakaaji wa Tanga mjini wataelewa upesi. Maji yetu hutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi. Tuseme bomba kuu limeziba, mafundi wamelizibua, na maji yanapita kwa nguvu. Mama wa Ngamiani anafungua bomba lake, halitoi kitu. Tope lililosukumwa kutoka bomba kuu limeingia katika mabomba madogo. Ndivyo inavyokuwa moyoni: vipande vya donge husukumwa mbele, na mishipa midogo iliyokosa damu kwa muda mrefu huvimba na kujifunga.

Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1974 huko Marekani, wakati Kloner na wenzake walipofunga mshipa wa moyo wa mbwa kisha wakaufungua. Ulipofungwa dakika 40, damu ilirudi. Ulipofungwa dakika 90, sehemu nyingine za nyama ya moyo hazikupata damu tena, ingawa mshipa mkubwa ulikuwa wazi kabisa. Tofauti ilikuwa dakika 50 tu.

Je, daktari atajuaje, na hali picha ya eksirei haiwezi kuionyesha mishipa midogo kiasi hicho? Mwaka 2003 Dkt. William Fearon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza njia moja. Uzi mwembamba wa chuma hupitishwa ndani ya mshipa wa moyo. Karibu na ncha yake kipo kifaa cha kupima shinikizo la damu na joto. Mgonjwa hupewa dawa ya kutanua mishipa midogo, halafu hupigwa maji ya chumvi yasiyo na joto la damu. Uzi huhesabu sekunde mpaka ubaridi ule ufike. Yakichelewa, mbele kuna kizuizi. Shinikizo huzidishwa kwa muda huo. Jibu chini ya 25 ni la kawaida. Likizidi 40 baada ya mshtuko, mgonjwa huyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa au ya moyo kushindwa kazi, hata kama mshipa wake mkubwa unapendeza katika picha.

Kipimo hicho ni cha gharama. Lakini kile cha umeme wa moyo, kinachochora mistari kwenye karatasi, nacho husema kitu. Katika mshtuko mkubwa sehemu ya mstari huinuka. Ikishuka nusu au zaidi katika saa moja hadi moja na nusu baada ya matibabu, ni dalili njema kuwa damu imefika kwenye nyama. Ikibaki juu, daktari huongeza uangalizi.

Basi adui mkubwa ni kuchelewa, na hapa kwetu tunachelewa mno. Uchunguzi uliofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, ukachapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba waliopata mshtuko wa moyo walifika wakiwa wameumwa kwa wastani wa siku zaidi ya sita. Waliopewa aspirini hawakufika robo. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamefariki.

Maumivu ya kifua yanayobana, yakienda mkononi au shingoni, pamoja na jasho jembamba, tusiyaite gesi au vidonda vya tumbo mpaka yapimwe. Wenye kisukari huweza kukosa maumivu, wakahema tu. Mtu mzima atafune aspirini ya miligramu 300, ila kama inamdhuru, anatokwa damu au amepooza ghafla. Kisha apelekwe hospitali usiku huohuo. Aliye Pangani au Mkinga asingoje basi la asubuhi.

Aliyekwisha kuzibuliwa asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Akivimba miguu au akiongezeka uzito kwa siku chache, aende Bombo na vyeti vyake vyote, aombe moyo upimwe tena.