Mndimu Barazani: Tunda la Mezani na Hatari ya Kisahani

Katika miji ya pwani yetu, ardhi ya kupanda mti imezidi kuwa adimu. Viwanja vimesakafiwa, nyumba zimesongamana, na familia nyingi huishi ghorofani, ambako bustani pekee ni roshani yenye upana wa hatua tatu. Mwembe hauwezi kukaa hapo, wala mfenesi. Mndimu unaweza. Ukipewa chungu kipana, jua la kutosha na mkono wenye kiasi katika kumwagilia, mti huu huchanua na kuzaa kwa miaka mingi pasipo kugusa ardhi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuutunza mti huo na sababu za kiafya za kufanya hivyo. Yanaeleza pia jambo ambalo wauzaji wa miche hawalitaji: chungu cha mti ni chombo cha maji, na maji yanayotuama mjini ni mazalia ya mbu. Familia inayopanda mndimu kwa ajili ya afya haina budi kuyajua yote mawili.

Kwa nini ndimu iliyochumwa sasa hivi

Mwezi Mei 1747, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, akiwa katika meli ya Salisbury, aliwachagua mabaharia 12 waliougua kiseyeye: fizi zao zilikuwa zimeoza, miguu imeishiwa nguvu. Aliwagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu haraka kuliko wote. Mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Lind alichapisha matokeo yake mwaka 1753, lakini ilipita zaidi ya miaka 40 kabla jeshi hilo halijaagiza juisi ya malimau kwa meli zake, mwaka 1795.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haitajwi mara nyingi. Katika karne ya 19 jeshi hilo liliacha malimau ya Mediterania na kutumia juisi ya ndimu kutoka visiwa vya Karibi, iliyokamuliwa, kuhifadhiwa na kusafirishwa mbali. Kiseyeye kikarudi, hata katika msafara wa Aktiki wa 1875–76 uliobeba juisi hiyo kwa wingi. Sababu ilieleweka baadaye. Ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, na hata hiyo kidogo huharibiwa na hewa, mwanga, joto na kugusana na shaba. Mabaharia walikunywa ukali wa ndimu bila kinga yake.

Funzo hilo linatuhusu jikoni. Gramu 100 za juisi ya ndimu zina takriban miligramu 30 za vitamini C, na ndimu moja hutoa sehemu tu ya juisi hiyo. Pera lina vitamini hiyo kwa wingi zaidi mara kadhaa. Hivyo faida ya mndimu wa barazani si wingi wa vitamini, bali ni kwamba tunda huchumwa, hukatwa na kukamuliwa papo hapo juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Ndimu iliyochemshwa ndani ya mchuzi huacha ladha, na sehemu kubwa ya vitamini yake hupotea.

Ndimu, maharage na damu

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, ugonjwa wa selimundu, na lishe yenye madini ya chuma kidogo.

Chuma kilichomo katika nyama na samaki hufyonzwa mwilini kwa urahisi. Chuma cha maharage, kunde, choroko, mchicha na matembele hufyonzwa kwa shida, kwa kuwa viambato vingine vya mimea hukikamata na kukizuia tumboni. Vitamini C hukibadili chuma hicho kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kuipokea, na hukizuia kisikamatwe. Kwa hiyo juisi ya ndimu mbili iliyokamuliwa juu ya sahani ya maharage, au kachumbari yenye ndimu na nyanya mbichi, huongeza manufaa ya mlo uleule bila kuongeza gharama ya nyama. Chai ya rangi hufanya kinyume chake: inywewapo pamoja na mlo, hupunguza chuma kinachofyonzwa. Ni vyema ikanywewa saa moja au zaidi baada ya kula.

Hata hivyo, ndimu si tiba ya upungufu wa damu. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki, na mtoto mwenye viganja vyeupe au anayechoka upesi apelekwe kupimwa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe juisi ya ndimu kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha.

Kuupanda na kuutunza

Mbegu ya ndimu huota bila shida, lakini mti wake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mche uliobebeshwa huzaa mapema zaidi, mara nyingi katika mwaka wa pili au wa tatu. Nunua mche kwenye kitalu kinachoaminika, wenye majani yasiyo na madoa wala wadudu upande wa chini, kwa kuwa magonjwa mengi ya jamii ya michungwa husafiri na miche.

Anza na ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini, kisha uhamishie mti kwenye chombo cha lita 40 au zaidi unapokua. Changanya sehemu mbili za udongo wa bustani, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga mkubwa. Acha pale mche ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Wakazi wa maeneo ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na ukanda wa pwani, waepuke udongo wenye vipande vya mawe hayo, na wote waepuke udongo uliochanganyika na saruji. Udongo wa namna hiyo una chokaa nyingi, na chokaa huzuia mizizi kupata chuma. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mti nao, kwa namna yake, hupungukiwa chuma hali kimo ndani ya udongo, kama mwili wa mtu unavyoshindwa kukipata kutoka katika sahani ya maharage.

Mndimu huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kila siku. Ndani ya nyumba, uweke karibu na dirisha linalopata jua na uugeuze kila wiki ili usiegemee upande mmoja. Ukiutoa nje baada ya kukaa ndani muda mrefu, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, la sivyo majani yataungua. Maua yake hayahitaji mti wa pili ili kuzaa. Mti uliomo ndani waweza kutikiswa polepole wakati wa maua ili chavua imwagike. Matunda mengi machanga hudondoka yenyewe. Hilo ni jambo la kawaida, kwani mti hubakiza yale tu unayoweza kuyalea.

Miti mingi ya chunguni hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni hadi kina cha sentimita tano. Ukikuta unyevu, subiri. Ukikuta ukavu, mwagilia mpaka maji yatokeze chini, kisha yaondoe yaliyotokeza. Mizizi inayokaa majini hukosa hewa na kuoza. Majani hunyauka, na mwenye mti, akidhani ni kiu, huongeza maji.

Kisahani kama mazalia ya mbu

Hapo ndipo afya ya mti na afya ya nyumba zinapokutana, kwa maana maji yanayoozesha mizizi ndiyo yanayozalisha mbu. Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hupenda vyombo vidogo vya maji karibu na watu: pipa lisilofunikwa, tairi, kifuu, na kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi kumzuia. Ndiye anayeeneza homa ya dengue na chikungunya.

Magonjwa haya si mageni kwetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1872 katika jarida la tiba la Uingereza juu ya mlipuko wa 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Wataalamu kadhaa wanaamini kuwa neno dengue lina asili yake katika jina hilo, ingawa ugonjwa wenyewe wa mwaka ule huenda ulikuwa chikungunya. Chikungunya nayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952–53, na jina lake latokana na Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu ya viungo. Katika miaka ya karibuni Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwamo ya 2014 na 2019.

Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, na yakifikiwa na maji huanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku 7 hadi 10 katika joto letu. Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi na sabuni angalau mara moja kila wiki, ili mayai yaliyogandamana yaondoke. Njia nyingine ni kukijaza mchanga mkubwa mpaka ukingoni: maji yatazama mchangani, na mbu hatapata uso wa maji wa kutagia. Pale panapowezekana, acha kabisa kutumia kisahani na uinue chungu juu ya matofali. Ndoo ya maji ya kumwagilia ifunikwe. Wala mtu asiamini kwamba harufu ya mndimu humfukuza mbu. Mti uliosimama chunguni haumzuii.

Anayepata homa kali ya ghafla pamoja na maumivu ya kichwa, nyuma ya macho na viungoni asidhani moja kwa moja kuwa ni malaria. Aende kupimwa, anywe vinywaji kwa wingi na kutumia parasetamoli kwa kipimo sahihi. Asitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla dengue haijaondolewa shaka, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, na kulegea sana homa inapoanza kushuka ni dalili za hatari zinazohitaji hospitali bila kuchelewa.

Sumu, miiba na jua

Wadudu wa mndimu wa barazani hawahitaji sumu ya shambani. Viwavi wa kipepeo wa michungwa, ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, huokotwa kwa mkono. Vidukari na wadudu weupe kama pamba hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni laini, kisha majani husuuzwa. Dawa za kilimo zinazouzwa kwa kupimiwa katika chupa za soda zisiingie nyumbani: mtoto huzidhania kinywaji. Aliyekunywa sumu hiyo akatokwa na mate mengi, jasho na kupumua kwa shida asilazimishwe kutapika wala kupewa maziwa. Awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Miiba ya mndimu huchoma, na udongo wenye samadi waweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Vaa glavu, osha jeraha mara moja kwa maji na sabuni, na uulize kituo cha afya kama chanjo yako bado inakukinga. Juisi ya ndimu iliyobaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kusababisha malengelenge na madoa meusi siku moja au mbili baadaye. Nawa mikono kabla ya kutoka nje. Isitiwe kwenye jicho, kwenye kidonda cha moto wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hata kama desturi imeizoea.

Yote haya hayahitaji kazi kubwa. Ichague siku moja ya wiki, iwe ileile kila mara, na mgawie mmoja wa nyumbani jukumu hilo: kugeuza chungu, kukagua majani, kusugua kisahani, kufunika ndoo, na kuchuma ndimu za mlo wa siku hiyo. Kazi hiyo haizidi robo saa, na watoto waweza kuijifunza mapema.