Mkopo bila kuacha karte ya banki: kuna namna ya kuonyesha konti bila kutoa namba ya siri

Katika miji yetu, mwalimu ao mfanyakazi wa serikali mwenye shida ya haraka anajua mlango wa kubisha: kwa « banki Lambert ». Si banki ya kweli. Ni mtu wa mtaani anayekopesha, na riba yake inaweza kufika nusu ya feza alizotoa. Mara nyingi anashika rehani moja tu: karte ya banki ya mdeni, pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, ni mkopeshaji anayeenda kwenye mashini. Anatoa feza, anakata zake, kisha anamrudishia mwenye mshahara kilichobaki.

Tangu serikali ianze, mwaka wa 2011, kulipa wafanyakazi wake kupitia banki, karte hiyo imekuwa rehani ya mtu asiye na kiwanja wala gari. Lakini anayeiacha haachi kipande cha plastiki tu. Anaacha mlango wa nyumba yake wazi, na hajui nani ataingia usiku.

Hata hivyo, swali la mkopeshaji ni la haki. Anataka kujua: mtu huyu anaingiza feza ngapi kwa mwezi, ana madeni mengine, ataweza kulipa? Kuna nchi ambazo zimepata namna ya kumjibu bila kumpa ufunguo.

Banki yenyewe ndiyo inayoonyesha

Uingereza ni mojawapo. Tangu Januari 2018, banki kubwa 9 za nchi hiyo zinalazimishwa na mamlaka ya ushindani wa biashara kufuata mfumo unaoitwa « banki wazi ». Mwezi huohuo, sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika, nayo inafungua njia hiyohiyo kwa wateja wa Ubelgiji, Ufaransa na nchi zingine ambako ndugu zetu wengi wanaishi.

Mambo yanaenda hivi. Mteja anaomba mkopo kwenye simu. Mkopeshaji anamwomba achague banki yake. Hapo mteja anapelekwa kwenye programu ya banki yenyewe, na ni huko anaingia kwa neno lake la siri, kidole ao uso. Banki inamwonyesha nani anaomba kuona konti, na anaomba kuona nini. Akikubali, banki inatuma habari hizo kwa mkopeshaji. Akikataa, hakuna kinachotoka.

Mkopeshaji haoni neno la siri hata mara moja. Ruhusa hiyo ni ya kuangalia tu: haimruhusu kutoa hata franka moja. Ruhusa ya kulipa ni nyingine, na inaombwa mbali. Tena haiwezi kuwa ya siku zote: Uingereza, kampuni inayotaka kuendelea kuangalia inapashwa kumwuliza mteja tena kila siku 90. Na kampuni yoyote inayofanya kazi hii inapashwa kuandikishwa kwa mamlaka ya feza, ambayo orodha yake iko wazi kwa kila mtu.

Mbele ya hapo, kampuni zingine za Ulaya ziliomba wateja neno la siri lao, kisha zikaingia katika konti kama kwamba ni mwenyewe. Haiko mbali sana na banki Lambert.

Afrika nayo inatembea. Banki Kuu ya Nigeria ilitoa kanuni za mfumo huu mwaka wa 2021, na maelezo ya utekelezaji mwaka wa 2023.

Konti inasema mengi

Usalama wa mlango haumalizi maswali yote. Mwenye kuona miezi mitatu ya konti haoni mshahara tu. Anaona feza unazotuma kwa mama kijijini, sadaka ya kanisa, malipo ya hospitali, michezo ya bahati. Mkopo unaweza kukataliwa kwa sababu ya mambo hayo, na mteja asielewe kwa nini.

Kingine: kuondoa ruhusa kunafunga mlango kwa siku zinazokuja, lakini hakurudishi kilichokwisha kuonekana. Kwa hicho, mteja anapashwa kuomba kwa kampuni yenyewe ifute habari zake.

Na kwetu je?

Huku kwetu, anayeomba mkopo kwenye banki ao koperative bado anabeba karatasi zenye kuonyesha matembezi ya konti yake. Inachukua siku, lakini karatasi haina namba ya siri ndani, na hiyo ni faida. Sheria pia iko: Kodi ya mambo ya dijitali ya Machi 13, 2023 inalinda habari za kibinafsi, na inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa namna gani na kuomba zirekebishwe ao zifutwe.

Hatari nyingine inakuja na programu za mikopo ya haraka kwenye simu. Jirani zetu wa Kenya waliona wakopeshaji wakichukua namba zote za simu ya mdeni, kisha wakipigia wakubwa wake wa kazi na jamaa ili kumfezehesha. Mwaka wa 2022, Banki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni zinazokataza tabia hiyo. Mwaka uliofuata, Google nayo ilikataza programu za mikopo kugusa picha na orodha ya namba za simu.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali mkopo, kama ni hapa ao Bruxelles, maswali manne yanatosha. Mkopeshaji huyu ameandikishwa wapi? Anataka kuona nini, na kwa muda gani? Ninaandika neno langu la siri kwenye programu ya banki yangu, ao kwenye yake? Nikikataa, anaweza kupokea karatasi?

Anayeomba namba ya siri, awe kampuni ya Ulaya, sauti kwenye simu inayojidai ni ya M-Pesa ao Airtel Money, ama jirani wa mtaani, haombi tena kujua kama utalipa. Anaomba kushika feza zako. Mkopeshaji ana haki ya kuona kama una uwezo. Kutoa feza kwenye konti, hiyo ni kazi yako mwenyewe.