Mchezo Wasingiziwa, Mla Data Yuko Kwingine

Mwaka jana alitujia ofisini sajini mmoja aliyekuwa likizoni kutoka Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda walianza kupelekwa kulinda amani mwezi Machi 2007. Hakuja kuomba picha wala kuleta habari za kikosi chake. Alikuja na neno zito, naye alisita sana kabla ya kulitamka. Kila mwezi alikuwa akituma nyumbani fedha za kununulia gigabaiti 25 za intaneti, ili Jumapili jioni apate kuonana na mkewe na watoto kwa simu ya video. Lakini kwa muda wa miezi mitatu bando lilikuwa likiisha kabla ya tarehe 12. Mkewe alisema hajui lilikokwenda. Mwana wao mwenye umri wa miaka 15 alikiri kwamba hucheza mchezo wa mapigano mtandaoni kila jioni, ila aliapa kuwa hapitishi saa moja na nusu. Sajini hakumwamini hata mmoja wao.

"Afande," alituuliza, "mtu anazungumza na nani usiku kucha hata gigabaiti 25 ziishe?"

Wasomaji wetu, wa jeshini na wa polisi, bila shaka wanaelewa swali lile lilikuwa likielekea wapi. Tumeona nyumba zikivunjika kwa mambo madogo kuliko hayo, hasa mume anapokuwa mbali na maneno ya majirani yanapokuwa karibu. Basi tulimwuliza swali letu: je, umepima? Mtunza ghala akikuta risasi zimepungua hamkamati mtu wa kwanza anayepita mlangoni, bali hufungua daftari. Sajini alikubali kwamba nyumbani kwake daftari la data halikuwapo.

Twende kwanza kwa mshtakiwa mkuu, yaani mchezo wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba picha zile za milima, magari na moshi wa mabomu zinasafiri mtandaoni wakati kijana anacheza. Sivyo. Picha zote zimekwisha kuhifadhiwa ndani ya kompyuta au simu yake. Kinachosafiri ni taarifa fupi tu: mchezaji fulani yuko mahali fulani, ameelekea upande fulani, amefyatua. Askari yeyote aliyewahi kubeba redio ataielewa habari hii upesi. Mwangalizi aliyeko mbele hatumi mlima kwa redio. Hutuma tarakimu za ramani, kwa sababu yeye na wenzake nyuma wana ramani moja. Ndiyo maana mchezo wa namna hiyo kwa kawaida hula kati ya megabaiti 30 na 150 kwa saa. Hata tukichukua kiasi cha juu, saa moja na nusu kila siku kwa siku 11 hazifikishi gigabaiti 2 na nusu. Kijana alikuwa amesema kweli, au alau hesabu haikumkanusha.

Lakini inapotolewa ramani mpya, kila mmoja sharti apelekewe nakala yake nzima. Hapo ndipo penye mzigo. Mchezo wa Call of Duty: Modern Warfare pamoja na Warzone ulipita gigabaiti 200 kwenye kompyuta katika mwaka 2020, na toleo jipya la mchezo mkubwa kama huo laweza kuwa gigabaiti makumi kwa mara moja. Mwezi Machi 2020, wakati Ulaya ilipojifungia ndani kwa sababu ya Korona, kampuni ya Sony ilitangaza kwamba upakuaji wa michezo ya PlayStation huko ungepunguzwa kasi ili mtandao usielemewe. Uchezaji wenyewe haukuguswa. Wenye kampuni walijua vizuri mzigo uko wapi.

Na matoleo hayo hayabishi hodi. Kompyuta ikiwashwa huyavuta yenyewe. Mashine ya PlayStation iliyolazwa bila kuzimwa, ikiwa imeruhusiwa kubaki mtandaoni, huendelea kuyapokea watu wakiwa usingizini.

Tulikwenda na sajini nyumbani kwake. Ruta yao ndogo ilihudumia kompyuta moja na simu ya mama. Bando jipya liliponunuliwa tulifuta hesabu za vyombo vyote viwili zianze sifuri. Kwenye kompyuta zenye Windows 10 au 11 hesabu hiyo hupatikana katika mipangilio ya mtandao, mahali pa matumizi ya data, nayo huonyesha kila programu na kiasi ilichokula. Simu za Android nazo zina ukurasa kama huo, na tena zakuruhusu kuweka onyo na kikomo kwa data ya laini ya simu yenyewe. Siku ya nane tulisoma majibu. Mchezo: gigabaiti 1 na kidogo. Programu inayoleta matoleo mapya ya michezo: 11. Video ambazo kijana alikuwa akitazama, za watu wengine wakicheza mchezo uleule: 7. Simu ya mama: gigabaiti 1 tu.

Sajini aliitazama tarakimu ile ya mwisho kwa muda mrefu, asiseme neno.

Habari ya video inahitaji kuangaliwa, maana wazazi wengi humzuia mtoto kucheza wakamwachia kutazama. Kampuni ya Netflix yenyewe husema kwamba video safi yaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ile ya kiwango cha chini hadi gigabaiti 1. Ubaya zaidi ni michezo inayochezwa kwenye mashine za mbali na kuletwa nyumbani kama picha tupu. Hiyo yaweza kupita gigabaiti 10 kwa saa, na kwa bando la kununua hatuioni kuwa ya mshahara wa askari.

Gharama si ndogo. Mwezi Julai 2021 Serikali ya Uganda iliondoa kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, ikaweka mahali pake ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kila gigabaiti iliyopotea usiku imekwisha kutozwa.

Kuna wanaoikimbilia kampuni ya simu kwa lawama wanapoona tarakimu zake hazilingani na za kompyuta. Wangoje kidogo. Wengine huhesabu gigabaiti kuwa megabaiti 1,000, wengine 1,024, na tofauti hiyo ikifika kwenye gigabaiti ni kama asilimia 7. Ikizidi hapo sana, haya, nenda ukadai.

Nyumbani kwa sajini muunganisho uliandikishwa katika Windows kuwa wa kupimwa, na programu ya michezo ikaamriwa isivute toleo lolote ila saa za usiku, siku ambapo wamenunua bando la usiku la bei nafuu. Kijana alipewa daftari la shule, naye huandika tarakimu za ruta kabla ya kucheza na baada ya kucheza, kama mlinzi anavyoandika zamu. Video alipunguziwa, na alinung'unika.

Sajini alirudi kazini mwezi uliofuata. Baadaye alituandikia kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi bando lilikuwa bado na gigabaiti 6, wakazungumza dakika 40. Mkewe alimwambia kuwa daftari ni zuri, lakini yeye bado anangoja neno moja kutoka kwake. Sajini anasema alilitamka mbele ya watoto.